Mke wangu na mkazo wa maneno ya Kinorwei: nimechoka, wakuu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea sebuleni kwangu, hapa Geita. Sijaongeza chumvi, na ningekuwa nayo ningeitia kwenye mboga.

Mama Neema ni nesi. Amepata nafasi ya kwenda kusoma Norway, ila lazima kwanza afaulu mtihani wa kuongea Kinorwei. Akifeli, nafasi inaenda kwa mwingine. Akifaulu, anaondoka peke yake, mimi nabaki na mtoto.

Basi kila jioni yuko online na mwalimu wake, mama mmoja wa hukohuko.

Hawa watu wanagundisha maneno mpaka basi! Hospitali ni sykehus: "wagonjwa" na "nyumba" wameyafanya neno moja. Mkazo unakaa mwanzoni, SY-ke-hus. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo yeye anasema sy-KE-hus.

Anarekebishwa. Anarudia. Kesho yake, sy-KE-hus!

Afadhali hilo. Mahali pa kazi ni arbeidsplass, silabi tatu tu: AR-beids-plass. Mama Neema anatoa nane. A-ra-bei-di-si-pu-LA-si. Huyo mwalimu ana roho ya peke yake.

Mimi hata salamu yao siijui, lakini masikio ninayo. Siku moja uzalendo ukanishinda. Kazi yangu ni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, nikamwambia:

"Mama Neema, pigo la kwanza ndilo zito. Mengine ni ya kumalizia tu."

Nikawa nagonga meza, yeye anasema. Akikosea, nagonga upya. Tumegombana sana, kuna siku alininunia mpaka chakula nikajipakulia mwenyewe.

Lakini hilo pigo la kwanza likamkaa. Na mtihani akafaulu.

Majirani wamejaa ndani, vigelegele, mimi nimesimama mlangoni nina hasira na sijui namkasirikia nani. Akaja akanishika mkono.

"Baba Neema, bila wewe nisingeweza."

Wakuu, hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Nilichojifunza: ukimsaidia mtu kwa moyo wote, jiandae, maana atafanikiwa kweli.

Anaondoka mwezi ujao. Mliowahi kubaki na watoto mwenza akiwa nje, naombeni uzoefu. Mtoto wa kike nywele mnasuka wenyewe au mnanyoa? Wa kunicheka nao karibuni, nimeshazoea kelele.