Kinyama cha Muuza Vitenge

Daktari ninayefanya naye kazi ni mama wa Kihindi mwenye umri wa bibi yangu, mzaliwa wa Kisutu, na Kiswahili chake cha mjini kinanipita mbali mimi niliyetoka Moshi. Maabara yetu ipo ghorofani, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mimi nakata vinyama vilivyochukuliwa tumboni mwa wagonjwa kwa mpira wenye kamera: navigandisha kwenye nta, navikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navipaka rangi juu ya kioo, naye anavisoma kwa hadubini. Siku nyingi ni vidonda vya tumbo tu.

Shida yangu ilikuwa mdomo. Kililetwa kinyama cha muuza vitenge vya jumla wa Kariakoo, mtu wa kwetu. Mkewe akanivizia ngazini.

"Mdogo wangu, nidokeze tu. Si wewe ni wa nyumbani?"

Kwetu, kumkatalia mtu wa nyumbani ni kujitia ukubwa. Nilikuwa nimeshachungulia kioo cha kwanza, nikaona pembeni seli nyeusi zimesongamana. Nikamwambia ni kansa, na nilijiona mtaalamu kweli. Kesho yake nikasikia mume ameacha dawa, ameacha na kula, na amekata tiketi ya basi kwenda kufia nyumbani.

Daktari alikitazama kioo kilekile, hakusema kansa. Alisema, "Kata tena. Nenda chini zaidi."

Nikakata. "Tena." Mara ya nne nilinuna waziwazi, maana kinyama chenyewe kilikuwa kama punje ya mchele na nikikosea kimekwisha. Wala hakuniangalia. Baada ya mara ya sita akaagiza na rangi maalumu, akakaa na vile vioo mpaka chai yake ikapoa, kisha akaniita nitazame. Seli ndefu, zimetulia, hakuna hata moja inayojigawa ovyo; zile nyeusi za pembeni zilikuwa zimebanwa tu wakati kinyama kinachukuliwa. Uvimbe wa utando wa neva, akasema, adimu sana tumboni, na si saratani. Unatolewa uvimbe peke yake, tumbo linabaki. Nilimpenda mama yule, nasema kweli. Mwingine angeandika kwamba kinyama hakitoshi, akakirudisha.

Hapo ndipo nikamweleza nilichomwambia yule mke. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Majibu nampigia sasa hivi daktari wa mumewe. Lakini wewe nenda leo, kwa miguu yako, ukafute ulichosema."

Nilimkuta mume dukani, kati ya majora ya vitenge, amekonda, begi limeshafungwa. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata kununa kwangu. Mkewe aliketi chini palepale akaanza kulia. Mume akalisogeza begi kando kwa mguu.

"Huyo mama alikukatisha kinyama changu mara ngapi?"

"Sita, kaka."

"Na wewe, kabla hujaniua, ulitazama mara ngapi?"

"Mara moja."