Shimo la Kigingi

Kule Rejaf, nje kidogo ya Juba, tuta la kuzuia mafuriko limesogezwa mbali na mto, ili ukingo urudi kuwa wa matete na samaki. Juzi nilimkuta mama mmoja akipanda matete hayo. Kijana aliyekulia Nairobi akaja mbio.

"Mama, hii ni ploti yangu! Nimerudi nyumbani, sitoki!"

Mama, aliyerejea kutoka ukimbizini Uganda, aling'oa kigingi ambacho kijana alikuwa amekipigilia kuweka mpaka, akachomeka tete katika shimo lile lile.

"Wewe ulikimbia vita. Mimi pia. Mto ilibaki. Sasa ploti iko ya nani?"

Kijana akanitazama nimtetee. Tangu amani ije, sote Juba tunadai petu, nami natafuta kiwanja. Nikajifanya sikumwona, nikamshikia mama matete.