Spiriti Iliyopungua

Miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kufungua maduka ya dawa, zahanati yetu ya kanisa kule Yakobi iliishiwa spiriti, na bohari ya serikali ikawa haina. Muuguzi mkuu alinituma Makambako, mimi mhudumu wake, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyehamia kutoka Tanga. Aliuza dawa upande mmoja wa duka na nafaka upande wa pili.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa Kibena chenye lafudhi ya pwani. Kisha akatumbukiza kwenye spiriti kipimo cha kioo kinachoelea. Kilizama karibu chote. "Ukiona kimezama hivi, ujue ni safi. Mimi sijawahi kuionja wala sitaionja, lakini kuipima najua."

Spiriti kali namna ile hukauka kwenye ngozi kabla haijaua vijidudu, kwa hiyo tuliichanganya na maji. Kesho yake nikapima mililita mia saba za spiriti na mia tatu za maji, nikavimimina pamoja kwenye chombo cha lita moja chenye mistari. Nikainama kusoma. Haikufika lita. Ilipungua kama vijiko sita vya chai.

Muuguzi mkuu alisoma, akaninusa.

"Nyingine iko wapi?"

"Sijui, Sista. Sijamwaga hata tone."

"Basi umekunywa."

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu hata ulanzi, pombe ya mianzi, haukuvuka kizingiti. Machozi yalinilenga, lakini swali lenyewe lilinishika kuliko uchungu: kweli, imekwenda wapi?

"Sista, naomba upime wewe mwenyewe."

Alipima polepole, midomo ikihesabu mistari. Ikapungua vilevile. Akarudia. Ikapungua tena.

"Basi ni huyo wa Makambako," akasema. "Katuuzia kitu cha ajabu."

Wiki ile ile tulipanda basi pamoja. Mfanyabiashara alimsikiliza muuguzi mkuu hadi mwisho, wala hakukasirika.

"Hata mimi niliwahi kugombana na aliyeniletea mzigo kwa jambo hilihili," alisema. Akaenda upande wa nafaka, akarudi na kikombe cha maharage na kikombe cha ulezi. "Jumla vikombe vingapi?"

"Viwili," muuguzi mkuu akajibu.

Alivimwaga vyote kwenye kopo, akatikisa, kisha akaanza kuvirudisha kwenye vikombe. Cha kwanza kikajaa. Cha pili hakikujaa.

"Ulezi umeingia kwenye nafasi za maharage. Niliambiwa maji na spiriti nayo huingiliana hivyo, ila chembe zake hazionekani kwa macho."

Muuguzi mkuu alichota mchanganyiko ule kiganjani, akautenganisha kwa kidole.

Ndani ya basi la kurudi, tulipokaribia Njombe, alinishika mkono. "Nisamehe," akasema. "Nilikusema vibaya, na wewe ni mtoto wa watu."

Asubuhi aliita wahudumu wote, akaniambia nichanganye mbele yao, nami nikaeleza habari ya maharage na ulezi. Nilipomaliza alishika kile chombo kwa mikono miwili, maana kulikuwa na baridi kali, akanigeukia macho yamemtoka.

"Mbona imepata joto?"

Hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata aliniandikia barua ya kuniombea nafasi kwenye chuo cha maabara, nikaenda kuuliza huko.