Mkono wa Kushoto wa Fundi

Fundi wa kompyuta akimaliza kutengeneza kibodi, huijaribu kwa mchezo wa video wa mashine za utotoni mwake, chombo kimoja cha angani dhidi ya jeshi zima. Mshonaji wa mlango wa pili huchungulia, maana macho hayana pazia. Vidole vya kulia vinarukaruka kwenye vitufe vya mishale, chombo kinakwepa risasi kama panzi, lakini mkono wa kushoto umelala pajani, haufyatui kitu.

“Mbona hupigi, jirani?”

“Kupiga ni kazi ya dada.”

Dada gani, na fundi siku zote yuko peke yake?

Leo kaingia mwanamke mwenye pua ileile ya fundi, mkoba ungali begani. Hata hodi hakupiga. Aliinama, akabonyeza kitufe kirefu, na maadui wakaanza kupukutika.

“Songa, kaka.”

Fundi, macho kwenye kioo, akamwachia nusu ya kiti.