Mstari wa Mama

Kazi ya Mama Palizi katika shamba la utafiti ilikuwa kupalilia na kutomwagilia. Hilo la pili ndilo lililomshinda. Chini ya banda la nailoni, ambako hata mvua ilizuiwa kuingia, maharage ya kila aina yalipandwa mstari kwa mstari na kuachwa na kiu makusudi. Mbegu ambayo ingevumilia ndiyo ingepelekwa kwa wakulima, maana mvua siku hizi ni mgeni asiyebisha hodi wala kuaga.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mbegu za marehemu mama yake. Zile alizopanda Mama Palizi nyumbani ukame ulizimaliza. Konzi iliyobaki chupani aliileta mwenyewe kwa mtafiti, kijana waliyemwita Daktari.

"Zijaribu, mwanangu. Zimetulea sisi."

Majani yalipoanza kujikunja, mlinzi alimtania, "Maharage ya mama yako yanasinzia lindoni kuliko mimi!" Mama Palizi alicheka, lakini jioni, mlinzi alipokwenda kunywa chai, alimwaga kopo la maji kwenye mashina. Kesho yake akarudia.

Mistari mingine ilikauka kama karatasi. Wa mama ukabaki kijani. Daktari alipouona alipiga magoti, akacheka kama mtoto.

"Mama, njoo uone! Hizi ndizo tulizokuwa tunazitafuta. Zitakwenda vijijini hizi!"

Vijijini. Akilini aliwaona wanawake wenzake wakizifukia kwa imani, kisha wakiinua macho juu, mikono mitupu.

"Niliyanywesha," alisema.

Daktari alichimba kidole kwenye udongo. Ulikuwa bado na unyevu.

"Kwa nini, mama?"

"Niliyaona yanakufa. Nikashindwa kuvumilia."

Daktari alijifuta kidole kwenye suruali.

"Tutavuna mbegu zake, tuzipande tena mwakani. Bila hata tone." Akasita. "Nitatafuta mtu mwingine wa kuangalia banda hili."

"Hapana. Niachie mimi."

Mstari ule alikuwa ameuona ukijikunja kabla ya maji. Alijua mwakani utafanya nini.

"Utaweza kuyatazama yakifa?"

"Mama mwenyewe nilimtazama, mwanangu."

Akamkabidhi lile kopo, akashika jembe lake dogo, akarudi kupalilia mistari iliyokauka.