Ardis, Macho ya Mashua

Ardis Kolstad aliendesha basi la shule la mji wetu mpaka alipostaafu, na watoto aliowabeba, ambao sasa wana mvi, bado hupunguza sauti anapoingia dukani. Hasemi sana. Anayoyajua huyaweka kifuani.

Mumewe, Wendel, alikuwa fundi bomba mtulivu mwenye wazimu mmoja tu: maski. Samaki huyo huishi katika mto wetu, Flambeau, ana urefu wa mguu wa mtu na meno ya mbwa. Hufuata chambo hadi ubavuni mwa mashua, akakitazama kama mteja asiye na haja, akaondoka. Ndiyo maana huku mvuvi hatoi chambo majini kabla ya kuzamisha ncha ya fimbo na kuchora umbo pana la tarakimu nane, taratibu, samaki awepo asiwepo.

Wengi huvua kwa samaki wa mbao. Wendel alitaka kumpata kwa chambo cha manyoya alichokifunga mwenyewe, nywele za mkia wa kulungu na manyoya ya jogoo, kitu ambacho Ardis alikiita kuku aliyenyeshewa. Lakini Wendel alikuwa amelelewa kwenye vijito vya trauti, samaki wadogo wa maji baridi, na trauti akiuma unainua fimbo. Ukimwinulia maski fimbo, unampokonya chakula mdomoni. Unatakiwa kuvuta mshipi kwa mkono, fimbo ikiwa imelala. Wendel alilijua hilo na kuwafundisha wengine. Hata hivyo, kila alipomwona samaki akichomoza katika maji yale ya rangi ya kahawa, mkono wa utotoni uliruka juu wenyewe. Alizeeka bila kumpata hata mmoja.

Kisha macho yake yakaanza kufa kuanzia katikati. Ukisimama mbele yake aliyaona masikio yako, uso hakuuona.

“Vuli hii ndiyo ya mwisho,” alimwambia Ardis. “Nikimkosa, mashua tumpe mpwa wako. Ila wewe ndiye macho yangu. Ukimwona, useme. Niahidi.”

“Nakuahidi.”

Waliteremka mto siku ya mawingu mazito, majani mekundu ya miti ya ukingoni yakielea pamoja nao. Ardis alipiga makasia, Wendel akasimama mbele akitupa na kuchora nane, akitupa na kuchora nane.

“Mbona kimya, mama? Umelala?”

“Nikilala nani atakuzuia usitumbukie?”

“Basi niambie unachoona.”

“Naona mzee anayempiga mto viboko.”

Wendel akacheka, akatupa chambo kando ya gogo lililozama. Alipokuwa akikivuta, Ardis aliona gogo limegawanyika. Kipande kimoja kilikuwa kinakuja.

Alifungua mdomo. Akautazama mkono wa mumewe, ule wa kulia, uliotulia kwa kuwa haukujua lolote. Akaufunga mdomo, akayainua makasia ili yasidondoshe hata tone karibu na samaki.

Wendel alifika mwisho wa mshipi, akazamisha ncha, akaanza nane yake ya mazoea. Katika mzunguko wa pili maji yalifumuka. Alichohisi ni uzito tu, na uzito aliuvuta kwa mkono, kwa nguvu, kama mtu anayefungua bomba lililokwama.

Walipomtia wavuni, Ardis alikata ndoano kwa koleo, na Wendel akapiga magoti akampapasa samaki tangu pua hadi mkia bila kumtoa majini. Alitabasamu. Kisha wakamwachia, na ule mkia ukawarushia maji usoni.

“Alitokea wapi?” Wendel aliuliza akijifuta.

“Kwenye gogo.”

“Kwenye gogo? Ulimwona njia nzima?”

“Njia nzima.”

“Na hukusema.”

“Ungemwinulia, Wendel. Umewainulia wote.”

Ardis alimmiminia kahawa, naye Wendel akakishika kikombe kisha akakisahau mkononi.

“Wale wote niliowakosa,” alisema hatimaye, “ninao. Najua kila mmoja alivyokuja, alivyogeuza kichwa. Huyu nimemshika kwa mikono miwili, lakini kuja kwake sinako. Unako wewe.”

Ardis akatazama maji. Kwa miaka yote ile alidhani mumewe alikuwa akirudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi iliyofuata, bila kuulizana, waliishusha tena mashua. Safari hii Ardis alisema kila kitu, yeye aliyezoea kuendesha kilomita nyingi bila neno: jiwe, povu, kivuli kisicho kitu, jani. Alikohoa, akaendelea. Karibu na daraja la zamani sauti yake ikabadilika.

“Anakuja. Yuko chini, kulia kwako. Mapezi mekundu. Amekaribia chambo, Wendel, anakinusa, anafumbua mdomo...”

Fimbo ikaruka juu. Kuku aliyenyeshewa akapita juu ya vichwa vyao na kunasa kwenye kofia ya Ardis.

“Alikuwa mkubwa?” Wendel aliuliza, uso ukimng'aa.

“Kuliko yule wa juzi.”

“Aliondoka vipi?”

Ardis akaweka makasia chini, akaanza kumsimulia, huku akiichomoa ndoano kofiani taratibu.

“Na mpwa wangu?” aliuliza alipomaliza.

“Anunue mashua yake.”