Somo Nililolifundisha Mara Mbili

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu nikiwa darasani Mbeya, katika chuo ninachofundisha hisabati. Nilitoka nje nikapokea.

"Dada, mama amefariki. Ni presha. Tumemfikisha hospitali ameshakata roho."

Nikamuuliza kama Iringa mvua inanyesha. Akasema hapana. Nikamwambia nitapanda basi la mchana, nikarudi darasani.

Siku hiyo nilikuwa naonyesha jinsi namba e inavyokutana na saini na kosaini. Unaanza na mfululizo wa e, ule wa kujumlisha usio na mwisho. Kwenye kipeo unaweka pembe iliyozidishwa kwa i, yaani mzizi wa pili wa hasi moja. Kila i mbili zikizidishana zinazaa hasi moja, kwa hiyo vipande vilivyobaki bila i vinajikusanya kuwa kosaini, na vyenye i vinakuwa saini. Nilieleza yote. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Nyumbani kwetu Kihesa, pale Iringa, nilikuta turubai la msiba limeshafungwa. Mama mdogo alilia begani kwangu, nami nikamshika mgongo. Watu walinitazama wakisubiri. Mbele ya jeneza nilikumbuka siku mama, aliyeishia darasa la nne, aliponiuliza ninafundisha nini hasa. Nilimwambia ipo namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi.

"Iko wapi?"

"Haionekani, mama. Tumekubaliana tu kuitumia."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Na wanakulipa?"

Nilikumbuka hayo yote, na macho yakabaki makavu.

Baada ya mazishi mdogo wangu alikaa karibu yangu. "Kwa nini uliniuliza habari za mvua?"

"Sijui."

"Nikadhani hukunisikia."

"Nilikusikia."

Akanimegea chapati yake. Tukala.

Niliporudi kazini, binti anayewaongoza wenzake darasani alikuja ofisini kwangu. "Pole na msiba, Madam. Samahani, siku ile uliandika uthibitisho wote, ukafuta ubao, ukauandika tena kuanzia mwanzo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuona usoni. Tukanakili tu."

Alinionyesha daftari. Kurasa za mara ya kwanza na za mara ya pili zilifanana, mstari kwa mstari, hakuna alama hata moja iliyopishana. Mimi nakumbuka kuandika mara moja tu. Nilimshukuru, nikamwambia wiki ijayo tutaendelea na mizizi ya namba changamano.

Pasaka nilikwenda tena Iringa. Mimi na mdogo wangu tulifungua sanduku la mama tukagawa vitenge: vya mama mdogo, vya majirani, vichache vyangu. Kimoja kilikuwa bado na karatasi ya dukani. Mdogo wangu alikishika akaanza kulia. Nilimsubiri amalize, kisha tukaendelea kukunja.